Ulivyonikana Mbele ya Foleni

Kwako Arnel,

Natumai mmefika Toronto salama, wewe na huyo uliyemleta huku. Hapa nyumbani Bacolod mvua haikatiki, mama yako bado anakohoa, na ile mashine ya kudansi kwenye jengo la maduka ingali na foleni, ingawa skrini yake imefifia na vijana wana michezo mipya kwenye simu. Wanasema hakuna mchezo mwingine unaokutoa jasho namna ile.

Jumamosi nilikuwa kwenye foleni hiyo ulipompandisha mkeo kwenye mashine. Miaka yote uliyoniandikia "Nisubiri, Merlinda," hukutaja kwamba umeoa. Mishale ya kufuatwa kwa miguu ikaanza kupanda kwenye skrini, naye akawa anakanyaga ovyo huku akicheka. Aliponiona akaita, "Dada, unaujua mchezo huu? Njoo unifundishe!" Kisha akakugeukia: "Mnafahamiana?"

Ukasema, "Hapana. Nadhani ni mchezaji wa hapa tu."

Watu waliotuona tukicheza pamoja tangu shuleni wakageuka kukutazama. Mzee Dencio, anayeitunza mashine, akaguna, "Ama kweli dunia!"

Nilipanda. Nilimfundisha mkeo mpaka akaumaliza wimbo, akanikumbatia na jasho lake lote. Ni mtu mwema, Arnel, na hilo limeniuma kuliko uongo wako.

Sikumwambia kitu. Lakini aliniomba anwani ili tuandikiane, nikampa. Siku atakayoniuliza wewe ni nani kwangu, nitamjibu.

Ni mimi,
Merlinda