Ishara za Nchi ya Watu

Bombolulu,
Mombasa.
2 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Kazungu,

Bwana asifiwe. U hali gani huko Doha na joto lenu? Kifua kimepoa? Mama anauliza kama bado unakunywa maji ya barafu. Nimemwambia umeacha, kwa hivyo usiniumbue. Sisi hatujambo. Magoti yanamsumbua Mama asubuhi tu, akishaota jua anatembea vizuri.

Nimempa Erastus barua hii akuletee akirudi kazini huko, kwa sababu kwenye simu ningelia tu.

Ile tovuti ya lugha ya ishara niliyokutumia, ndugu yangu, iache. Usiendelee nayo hata somo moja. Najua unajifunza kila ukipata mapumziko, ili ukija Desemba uzungumze na mpwa wako, na mimi ndiye niliyekuhimiza. Nisamehe.

Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwa Kache. Tangu likizo ya Aprili iishe nimekuwa nikijifunza huku napika, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi, Mama akinicheka eti nafukuza nzi. Mwanangu ana miaka minane na hatujawahi kuzungumza yakaisha. Tunaonyeshana sahani, tunaonyeshana mlango, basi. Nilitaka siku hiyo aongee na mamake.

Nilipomwona tu nikaanza: tunakukumbuka nyumbani, mjomba anakuja. Akanitazama mikono, akanitazama uso, kisha akanipa lile tabasamu analowapa wageni. Nikarudia polepole. Wapi! Mwalimu wake, Bi Jalila, ambaye naye ni kiziwi, akaniandikia kwenye simu kwamba ishara zangu ni za Marekani. Chache zinafanana na za hapa Kenya, nyingi hazifanani. Loo, Kazungu, niliona haya mpaka mikono nikaificha ndani ya leso.

Na niliipendea nini tovuti ile? Rangi zake, na yule mama mchangamfu anayefundisha, na watu chungu nzima walioisifu. Sikuuliza imetengenezwa na nani, wala kwa watoto wa wapi. Kumbe imeandikwa chini pale pale, ningeshusha kidole kidogo tu. Si tovuti mbaya, ni nzuri kwa wenyewe. Bi Jalila amenipa nyingine, ya viziwi wa hapa hapa, nami safari hii nimesoma kwanza majina ya walioitengeneza. Nitakutumia. Lakini miezi yangu miwili imekwenda bure, na yako pia.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Wakati wa kuondoka nilimkumbatia Kache nikatoka mbio, asinione nikilia. Nimeshavuka lango, matroni akanikimbilia: mtoto alikuwa amesimama barazani akiniita kwa mkono. Amenitungia jina la ishara, wenzake wote wanalijua. Nilipogeuka alikuwa ameshashusha mkono, anaingia ndani. Mwanangu ameniita nami nimempa mgongo. Matroni alitaka kunionyesha jina lenyewe, nikamkataza. Nataka nilione kwa Kache, Agosti akifunga shule, nimwitikie.

Mama anakusalimu sana, na Ngowa, na Lynnette anasema usisahau viatu vyake. Mungu akulinde kazini, akurudishe salama kwetu.

Dadako akupendaye,
Mbeyu.
Lile jina alilonipa mwanangu bado silijui.