Mkamwana Hajifichi Tena Migombani

Mama Gwakisa,

Unisamehe kwa kunyamaza tangu tulipokuzika. Sikukusahau. Mistari ya karatasi ilipinda, na katikati ya kila neno palikaa doa jeusi. Leo naandika kwa herufi kubwa, na bado sina hakika kama ninachokiona ndicho kilichopo.

Mwanao alinipeleka hospitali Mbeya. Wananichoma sindano ndani ya jicho, ndani kabisa, kisha wanalipiga picha. Baada ya sindano ya pili daktari alifurahi: "Mzee, tazama, maji yote nyuma ya jicho yamekauka. Retina, utando unaopokea picha, imelala vizuri."

Nikamjibu, "Ningeweza kutazama, nisingekuja kwako."

Akacheka. Uso wake uliokuwa ukicheka sikuuona. Nikamuuliza ile ni picha ya jicho la nani. Akasema umbo la jicho hutangulia kurudi; kuona huweza kuchelewa, au kusirudi kote. Mtu anayejibu hivyo hakosei kamwe.

Lakini si yeye ninayemshuku zaidi.

Mkamwana wetu ulimfundisha mwenyewe asikutane na baba mkwe uso kwa uso. "Ukimsikia anakohoa, ingia migombani." Nami kila asubuhi nilikohoa kabla ya kufika kwenye mtaro unaokata njia, nikasikia mchakacho wa majani makavu, nikapita. Macho yalipoharibika, nilikohoa na majani yakawa kimya. Nilidhani masikio nayo yamechoka. Kisha nikamsikia Gwakisa jikoni akimwambia mkewe, "Wewe simama tu. Mzee haoni."

Juzi nilikohoa. Doa limesinyaa, Mama. Zamani lingemfunika mzima. Kando yake nikaona kitenge chekundu. Mkamwana alikuwa njiani, ukingoni mwa mtaro, amenyoosha mikono bila kunigusa. Nilipovuka, akaishusha.

Tangu lini? Wamepanga, wote wawili. Sijui kama ni dharau au huruma, na sipendi kufanyiwa lolote kwa siri.

Sindano ya tatu inakaribia. Ikifaulu, itanibidi niseme kwamba ninaona. Atarudi migombani, nami nitavuka peke yangu. Nikiikataa, giza litarudi na mikono ile itabaki. Sijamwambia mtu. Leo asubuhi nilikohoa kwa nguvu kuliko kawaida, nikatazama mbele kama kipofu, nikapita.

Pumzika, mke wangu. Nikishaamua nitakuandikia, hata kama mistari itapinda.

Mumeo,
Nkunga