Nyimbo Zangu Mdomoni mwa Suzi

Jumatatu, 4 Agosti

Mazoezi jikoni tena, kuku wanapiga kelele. Nyimbo nane. Miaka sita nazitunga, tangu nikiwa kwetu Nyambureti hadi hapa Matongo nilikoolewa. Jumamosi uzinduzi wa albamu, ukumbini Bomani. Wanamuziki wageni wawili: mzee mpiga litungu, zeze letu la nyuzi nane, na Suzi, mwimbaji wa Musoma. Suzi kazi yake kuitikia tu. Kuimba na kutikisa mabega na kiuno ni mimi. Koo limekaa sawa.

Jumatano, 6 Agosti

Chacha kaniua. Mume wangu mwenyewe! Kamwalika baba yake awe mgeni rasmi. Hakuniuliza. Kiti cha mbele kabisa! Kwa mila yetu, mimi baba mkwe hata mkono simpi. Tukikutana njiani nampisha, macho chini. Leo nimtikisie kiuno? Nimemuuliza Chacha alikuwa anawaza nini. Eti hakufikiria.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemtuma wifi akamwombe baba mkwe akae nyuma. Mimi siwezi kumtamkia jambo hilo. Wifi karudi anacheka. Mzee ameshanyoosha suti, ameshatangaza hadi mnadani. Kwa hasira ugali wangu nimewamwagia kuku.

Suzi kafika. Anashika nyimbo zangu upesi mno. Simpendi.

Jumamosi, 9 Agosti

Baba mkwe alifika kabla ya spika.

Nilipanda. Wimbo wa kwanza nimeuimba nikitazama sakafu, miguu imegoma. Wa pili, mzee wa litungu karudia mwanzo mara tatu, ananisubiri. Sauti haikutoka. Watu wakaanza kuguna. Nikampa Suzi maiki.

Akaimba zote. Akacheza zote. Watu juu ya viti, Suzi, Suzi! Mimi nyuma ya spika, nimeshika khanga. Nilimchukia. Chacha nilimchukia zaidi.

Mwishoni baba mkwe akasimama kuhutubia. Akasema mkwe wake amewafundisha wanawake wa mjini adabu, hakucheza mbele ya baba mkwe. Ukumbi mzima ukanipigia makofi. Hayo ndiyo makofi yangu ya uzinduzi.

Jumapili, 10 Agosti

Baba mkwe ameleta mtamba wa ng'ombe, mweusi, mzuri kweli. Zawadi ya mkwe mwenye adabu. Majirani wamekuja kutwa kunipongeza. Nimewachemshia chai. Hakuna aliyetaja wimbo hata mmoja.

Chacha anataka nimpe mtamba jina. Nimemwambia ampe yeye. Nimekwenda kuchota maji.