Hari na Hali

Kabula mpwa wangu,

Ni mimi, mjomba wako wa Mkolani. Najua ungeanza na shikamoo, na mimi ningeitikia marahaba kwa sauti ya kusikika mpaka Mabatini. Leo naandika polepole. Kila herufi naitazama mara mbili. Utaona kwa nini.

Mashine yako ya kutotolea vifaranga inafanya kazi. Joto likizidi taa inajizima, likipungua inajiwasha, kama ulivyosema. Juzi mayai ya mama yako kutoka Misungwi yalianguliwa, sebule nzima ni kelele za vifaranga. Majirani wakaja kushangaa. Wakaniita Injinia. Na mimi, Kabula, nikaitika.

Wewe unanijua. Mimi ndiye niliyeitengeneza redio iliyolala ziwani siku tatu, ikaanza kutangaza habari kabla haijakauka. Sawa, ilikuwa siku moja. Sawa, ilikuwa kwenye ndoo. Wewe ulikuwa unacheka tu bila kunisahihisha.

Nakumbuka pale wodini uliponieleza kazi yako. Ulisema programu ina sehemu mbili. Moja ya lugha ya C, inayofanya maamuzi. Nyingine ya asembli, inayoongea na chuma chenyewe, na hiyo kila aina ya kompyuta ina ya kwake. Ile iliyokubali kwenye laptop haiwezi kuingia kwenye bodi ndogo ya mashine. Halafu kuna linka, ya kuziunganisha. "Linka ni mshenga, mjomba. C inamtuma kwa jina. Akifika asimkute mwenye jina hilo, anarudi na posa yake mkononi." Nilicheka mpaka nesi akanikemea.

Ile ya C ilishakuwa kwenye laptop yako, ukaniandikia asembli ya bodi kwenye daftari. Nikaenda nyumbani nikaichapa kwenye laptop yako kwa kidole kimoja. Linka ikakataa. Nikakupigia nikakwambia, inasema haimpati huyu anayeitwa soma hali.

"Umeandika soma hari, mjomba? Hari ya joto?"

"Hali, ndiyo! Sasa unanifundisha Kiswahili?"

Kwa sikio langu yalikuwa neno moja. Ukaomba nikupigie picha ya kioo cha laptop nikutumie. Simu ninayo, na picha inapiga vizuri tu. Nikakataa. Nikasema nimechapa herufi kwa herufi, mimi si mtuhumiwa wa kupigwa picha.

Basi ukaacha kunitilia shaka, ukaanza kujitilia shaka mwenyewe. Ukasema labda ni kistari cha chini, maana kuna kompyuta zinazotaka kistari kitangulie jina na nyingine hazikitaki. Nikakiweka. Nikakitoa. Siku tatu unanipigia, pumzi inakukatika katikati ya maneno, unafikiria kistari. Siku ya mwisho ukasema, "Basi nimekosea mimi, mjomba. Nisamehe nimekusumbua."

Nikakwambia usijali, kila mtu hukosea.

Nilikwambia wewe hivyo. Wewe.

Na msibani kwako, watu walipouliza ile mashine imeishia wapi, nikasema binti alijitahidi ila ugonjwa ulimvuruga akili. Mama yako alinitazama, kisha akainamisha kichwa. Dada yangu huyo.

Aliyeligundua kosa ni Neema, yule mwenzako wa chuo. Alikuja kutoa pole, akaomba aone kazi yako. Akaliweka daftari kando ya laptop. Kwenye daftari: soma_hari, mwandiko wako ule wa kulala. Kwenye kioo: soma_hali. Akanisogezea laptop nibadilishe mwenyewe. Herufi moja. Linka ikapita kimya.

Tangu umezaliwa nimekuita Kabura, na ukaitika. Ndiyo sababu nilidhani kila kitu kitaniitika hivyo hivyo. Wote mlionizunguka mlikuwa mnanirekebishia kimoyomoyo, mimi nikajiona sikosei. Kumbe ile mashine ndiyo pekee iliyokataa kunionea haya, nami nikakuachia wewe lawama yake, wewe uliyekuwa huna hata nguvu ya kunyanyua kikombe.

Ningepiga ile picha, Kabula. Ungeiona herufi ile kabla simu haijapoa mkononi. Ungeondoka ukijua.

Sitakuomba msamaha, maana ungenisamehe upesi mno, nikapata hadithi nyingine. Nakuahidi hivi. Jumapili nakwenda Misungwi, na daftari lako nakwenda nalo. Watakuwepo wale wale walionisikia msibani, nimewatumia ujumbe. Nitasema nikiwa nimesimama, kabla sijapewa kiti, maana nikishakaa maneno yananinogea na ukweli unabaki nyuma. Nitamtazama mama yako, nitamwambia binti yake aliandika sawasawa mpaka herufi ya mwisho, na aliyekosea ni mimi, nikaona haya kukaguliwa na mgonjwa.

Pumzika, mwanangu. Hukukosea.

Mjomba wako