Hayward, Jina Lililofungua Lango Mara Moja

Aba, baba yangu,

Salaam aleikum huko uliko. Mjukuu wako Halkano amepata mtoto wa kiume. Nyumba yote hapa Wabera ni chai na wageni tangu asubuhi, nami nimekimbilia nyuma ya duka langu, katikati ya dawa za kupe na magunia ya chumvi ya ng'ombe, nikuandikie. Najua hukusoma. Hata ungekuwa hai ungeniambia nikusomee, halafu ungesinzia kabla sijamaliza salamu. Leo usisinzie. Na hao wengine watakaoisoma barua hii, wasome tu, sina la kuficha tena.

Kesho mtoto anapewa jina, na kwetu babu ndiye anayelitaja. Babu sasa ni mimi, huyu huyu uliyekuwa ukisema hawezi kuaminiwa na mbuzi mmoja. Halkano anataka mtoto aitwe Hayward. Kama wewe.

Unajua majina yetu yanavyotembea. Mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Mimi ni Guyo Hayward Galgalo. Mwanangu ni Halkano Guyo Hayward. Huyu mdogo, jina lolote atakalopewa, nyuma yake atafuata Halkano, kisha Guyo, na wewe utakuwa umedondoka mkiani kama mzigo uliofungwa vibaya juu ya ngamia. Njia ya kukuokota ni moja tu, jina lako likae mbele, lianze safari upya. Halkano ananipigia hesabu hiyo kila saa. "Baba, ukikataa, umemfuta babu."

Sasa nisikilize nikueleze kwa nini nimeshindwa kulala.

Hadithi ya jina lako ulinisimulia mpaka nikawa naweza kuimalizia nikiwa na ugali mdomoni. Babu Galgalo alikuwa na ng'ombe wake wamezuiwa kwenye uwanja wa karantini, hapa hapa Isiolo, kwa sababu ya ugonjwa. Wanakonda, yeye anawatazama kutoka nje. Siku uliyozaliwa, Mzungu wa mifugo akapita, akawakagua, akaamuru lango lifunguliwe. Babu akauliza yule bwana anaitwa nani. Akaambiwa, Hayward. Akarudi nyumbani na ng'ombe wake, akakuta mtoto, akakupa jina hilo kwa shukrani.

Babu hakujua kwamba kwa Waingereza hilo si jina la mtu mmoja. Yule bwana alikuwa na lake, alilopewa na mama yake, ambalo hakuna mtu Isiolo aliyewahi kulisikia. Hayward lilikuwa la ukoo mzima. Babu alibeba ukoo wa watu akautwika mtoto mchanga.

Nyanya, mama yako, hakulikubali. Mimi nimemsikia kwa masikio yangu, tayari mzee hana meno, akikwambia, "Mimi sikuzaa Mzungu." Ndani ya nyumba alikuita Jilo. Ukiwa mtu mzima mwenye mvi alikuita Jilo, na wewe ulinywea na kuitika kama aliyekamatwa akilamba sukari. Lakini ukishatoka nje, koti likavaliwa, ukawa Hayward. Uliamini jina lile lina mkono unaofungua malango. Nilipokwenda kuomba kitambulisho, ukanituma nilitaje kwa sauti. Nililitaja. Karani akaniuliza, "Hayward ni kabila gani?" nikarudishwa nyumbani nikalete wazee wa kunijua. Ulisema karani yule hakusoma.

Sasa jana Halkano kaja na simu yake, anataka kunionyesha ukuu wa jina. Akasoma, huku akitafsiri. Kwamba zamani sana Waingereza hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu aliitwa kwa kazi yake, huyu mfua chuma, huyu msaga unga, huyu mwoka mikate, kisha kazi ikafa na jina likaganda kwa watoto na wajukuu. Nikasema vizuri, na Hayward alikuwa na kazi gani?

Akasoma. Hayward alikuwa mlinzi wa ua. Kila kijiji kilikuwa na wake. Alitunza ua wa matawi uliozunguka mashamba ya bwana mkubwa, akatembea na pembe ya kupuliza. Ng'ombe wa mtu akivuka ua, ni yeye aliyemkamata, akamfungia zizini mpaka mwenyewe aje kulipa faini.

Halkano akacheka. "Kumbe sisi ni maaskari, Baba."

Sikucheka. Unajua nilikuwa wapi wakati huo? Nilikuwa nawe kule upande wa Kipsing, mwaka wa ule ukame, mbele ya lango la ranchi. Ng'ombe wetu walikuwa wamepita kwenye pengo la ua usiku, kufuata harufu ya majani, na maaskari wakawafungia ndani. Ulivaa koti. Ulijipaka mafuta usoni. Njia nzima ulikuwa mchangamfu, unaniambia nikae kimya nikuachie wewe.

Ulimwambia yule askari kijana, "Mwambie mkubwa wako Hayward amekuja."

"Hayward gani? Mzungu?"

"Ni mimi."

Akakutazama kuanzia kofia mpaka ndala za tairi. "Mzee, wewe ukiwa Hayward, mimi ni gavana." Wenzake wakacheka. "Haya, Bwana Hayward, kaa hapo kwa kivuli. Hii ng'ombe yako haitoki bila faini."

Tulikaa. Ng'ombe hawakuwa na maji kule ndani. Uliwajua kwa sauti zao, ukawa unanitajia, huyu ni yule mwekundu, huyu ni mama yake. Kila gari lilipotokea ulisimama, ukafunga vifungo vya koti, ukasema jina lako, ukarudi kukaa. Mpaka watu wetu wa Ngaremara walipochanga ile faini, ndama walikuwa wamekwisha, na yule mwekundu alilala barabarani hakuamka. Hukuchunga tena baada ya hapo. Ulikaa kwenye kile kiti cha plastiki hapa Wabera ukitazama watu wa bodaboda, na koti ukampa fundi akakata akatengeneza mito.

Aba, ulikwenda kwa mkamata ng'ombe ukajitambulisha kwa jina lake. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Wale vijana walikucheka kwa sababu hukufanana na jina. Mimi najua sasa kwamba pale langoni wao ndio waliokuwa Hayward, wote, na wewe ulikuwa Jilo tu, mtu wa ng'ombe. Nina hasira na Mzungu aliyefungua lango mara moja akaheshimiwa milele, kana kwamba si watu wake waliolifunga. Nina hasira na babu yangu kwa shukrani yake. Na wewe pia, kwa kulisema jina lile kila gari lilipotokea, nami nimekaa pembeni nasikia.

* * *

Niliacha kalamu hapo jana. Sasa wageni wameshaondoka, wamebaki inzi na sufuria.

Waliponiletea mtoto nikamtazama. Mbaya kidogo, ametuiga. Halkano amesimama karibu, anatabasamu, anangoja. Nikasema, "Jilo."

"Baba, si tulikubaliana?"

"Wewe ulikubaliana. Mimi nilikuwa nakunywa chai."

"Na babu? Ndiyo basi?"

Dada yako, shangazi Kabale, alikuwa amekaa mkekani, akafunika uso kwa mtandio. Tulidhani anacheka. Alipofunua alisema, "Hilo jina mama alikuwa akiita jioni, ng'ombe wakirudi." Akaomba apewe mtoto, akamwita, akamwita tena. Halkano akatoka nje. Bado ana hasira nami, na ni haki yake.

Jina la Hayward nimeliacha hapa, Aba. Kwangu mimi litabaki katikati mpaka nizikwe, kwa Halkano mwishoni, kisha hakuna. Anaitwa Jilo Halkano Guyo. Ukihesabu kwa desturi yetu, wewe humo. Ila mtu yeyote akimwita, ni wewe utakayegeuka.

Pumzika, usiende tena langoni.

Mwanao wa kwanza,
Guyo