Mgonjwa wa Nyumba ya Misheni

Dada yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima zote anazostahili dada mkubwa. Goti lako linaendeleaje, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na shemeji, amepunguza kukoroma au majirani wameshaanza kuhama? Nawaombea afya nyote wawili. Sisi huku tunapumua, namshukuru Mungu, ingawa habari nilizonazo si za kusoma umesimama. Tafuta kiti kwanza.

Uliuliza tumepokewaje. Tumepokewa vizuri mno. Nyumba ya misheni iko ubavuni mwa kanisa, ina vyumba vitatu na jiko ambalo mmoja akiinama mwingine lazima atoke. Familia iliyotutangulia nayo ilitumwa na kanisa letu la nyumbani, na utaratibu wetu unaujua: anayeondoka haondoki na kitu, anayekuja haji na vyombo. Kwa hiyo tulikuta vitanda vyao, masufuria yao, mapazia yao, hata kipande cha sabuni kilichotumika nusu. Shemeji yako Mchungaji alisema hiyo ndiyo baraka ya kazi ya Bwana, unafika na kukuta kila kitu. Mimi niliitupa ile sabuni.

Mizigo yetu ilichelewa njiani, na baridi ya huku haina adabu. Jumapili ya kwanza nikafungua kabati la chumba cha mtoto, nikakuta sweta jekundu la mtoto wa kike, safi, limekunjwa vizuri. Nikamvika binti yangu, wajina wako. Lilimkaa sawasawa mabegani na mikononi, nami nikafurahi kama mtu aliyeokota pesa. Dada, ningejua ningemfunga blanketi.

Tulipoingia kanisani, kwaya ilinyamaza katikati ya wimbo. Wanawake walisimama mmoja baada ya mwingine, wengine wanalia. Yupo fundi wa kushona, kiongozi wa kikundi chao cha maombi, sisi tunamwita Mama Cherehani. Alikuja mbio, akapiga magoti mbele ya mtoto, akamshika mashavu, akamwita kwa jina ambalo si lake. Yule mama anajua Kiswahili kidogo, alifundishwa na mke wa mchungaji aliyetutangulia. Nikacheka, nikamwambia huyu ni wangu, na jina lake ni la dada yangu mkubwa, nikamtajia jina lako. Akalirudia kwa adabu. Kisha akamgeukia mtoto na kumwita tena kwa lile jingine.

Wiki hiyohiyo wajina wako akaugua. Asubuhi aliamka mzima, akanywa chai, akanisumbua kwa maswali yake unayoyajua. Jua lilipopanda, homa ilimshika ghafla, macho yakawa mekundu, akalala akitazama ukuta. Tulimpeleka hospitali. Daktari alikuwa mama mpole asiye na haraka. Alimpima damu, mkojo na kifua, akaturudisha tena na tena, kisha akatuambia wazi kwamba haoni kitu, lakini kutokuona si kusema hakipo. Nilimheshimu kwa hilo. Alitupa dawa ya kushusha homa, na homa haikushuka.

Siku moja mchana, nikiwa nimekaa kitandani kwake na kitambaa cha maji, akaniomba tusogeze kabati ili aone watoto wanaocheza uani. Nikamwambia mwanangu, nyuma ya kabati kuna ukuta tu. Akanitazama kwa huruma, kama alivyozoea kumtazama baba yake anapokosea kufunga kamba za viatu. Nikamwita Mchungaji, tukalisukuma lile kabati kwa mbinde. Nyuma yake palikuwa na dirisha, kioo chake kimejaa vumbi, na upande wa pili uko ua mtupu usio na mtoto yeyote. Mchungaji akasema labda aliliona kwa nje tulipokuwa tunashuka kwenye gari, nami nikakubali, maana nilitaka kukubali.

Wanawake wa maombi walikuwa wanakuja kila alasiri. Walivua viatu mlangoni, wakakaa sebuleni kwetu, wakaomba kwa lugha yao kwa sauti za chini. Wakianza kuomba, homa inaanza kushuka. Niliuona mkono wa Mungu, nikawapikia chai kwa moyo mweupe. Mimi lugha yao ilikuwa bado inanipita juu, lakini Mchungaji ni mwepesi wa kushika, na ndiye aliyegundua kwamba katika maombi yale yote jina la mtoto wetu halikuwemo hata mara moja. Walikuwa wanamwombea yule mwingine.

Akamwita Mama Cherehani, akamuuliza mbele yangu. Yule mama hakuficha. Alieleza kwamba mchungaji aliyetutangulia alikuwa na binti, naye aliugua katika chumba kilekile, homa ya mchana ileile. Sweta alilifuma yeye Mama Cherehani. Na kwao wakianza kumwombea mgonjwa hawaachi, mpaka siku mama yake atakaposimama kanisani na kumwita mgonjwa kwa jina, naye ainuke kwa miguu yake, ashukuru kwa kinywa chake. Hapo ndipo maombi hufungwa. Mchungaji akauliza binti huyo yuko wapi sasa. Akajibu kwamba wazazi walimrudisha nyumbani kwa matibabu, akafia njiani, na habari ziliwafikia. Nikamuuliza, kama mlijua amekufa, mliendelea kumwombea nini? Akanijibu kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza: “Tuliambiwa, mama. Lakini sisi bado hatujajibiwa.” Kisha akamtazama mtoto wangu kitandani, na uso wake ukajaa furaha.

Shemeji yako unamjua, akishika jambo hang'oki. Akawaambia kwa upole kwamba maombi kwa ajili ya marehemu hayana nafasi katika kanisa letu, na kuanzia siku hiyo wamwombee aliye hai kwa jina lake mwenyewe. Walimtii. Walikaa palepale, wakaomba vilevile, ila sasa wakataja jina lako. Na alasiri ile homa haikushuka. Kesho yake ilipanda zaidi. Siku zilizofuata mtoto akaacha kula, akaacha kuniuliza maswali, akawa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Daktari akamlaza, akamtundikia maji, akakaa naye mpaka zamu yake ikapita. Mwishowe akanishika bega, akasema tunaweza kumpeleka nyumbani tukipenda kuwa naye karibu. Nilielewa anachosema. Mama yeyote angeelewa.

Nikamwomba Mchungaji awaruhusu wanawake warudi kwenye maombi yao ya zamani. Akalia, dada. Sijapata kumwona akilia hivyo tangu tuoane. Akasema yuko tayari kutoa chochote, lakini hawezi kusimamisha uongo mbele ya madhabahu, na kwamba Mungu anamjua mtoto wetu bila kudanganywa. Sikubishana naye. Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yake kuhubiri usharika wa mbali, akaondoka asubuhi akiwa amempaka mtoto mafuta kwenye paji la uso. Gari lake lilipopinda kona, nilimtuma jirani akamwite Mama Cherehani.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana sijamwambia mtu mwingine. Nilimvika lile sweta mimi mwenyewe. Nilimbeba mgongoni hadi kanisani, mzito, kichwa kimelala, pumzi yake inaniunguza shingo. Ibada ilipofika sehemu ya shukrani nikamlaza kwenye benchi la mbele. Mama Cherehani akanipa ishara. Nilijikaza kisabuni, nikasimama, nikageukia watu wote wale, na nikamwita binti yangu kwa jina la yule mwingine. Nililiita kwa nguvu, kama mama anavyomwita mtoto aliye mbali, kwa sababu nilitaka apone. Sikutaka kitu kingine chochote duniani.

Akainuka. Aliyekuwa hawezi kukaa alishuka kwenye benchi, akanyoosha sweta lake, akatembea hadi mbele. Akashukuru kwa lugha yao, bila kukwama, maneno mengi kuliko tuliyoyajua mimi na baba yake kwa pamoja. Kanisa zima lililipuka kwa vilio na vifijo. Mama Cherehani alinikumbatia, akaniambia sasa wamejibiwa.

Homa haijarudi tena. Anakula, anakimbia, amenenepa, ana marafiki uani kila alasiri. Ni mtoto mpole sana, hanisumbui kwa swali hata moja. Lakini nikimwita kwa jina lako anageuka kuangalia ni nani anayeitwa. Nimejaribu kwa upole, nimejaribu kwa ukali, nimemwita akiwa amenipa mgongo. Huwa anageuka, anatazama chumba chote kwa adabu, kisha anaendelea na mchezo wake.

Mchungaji aliporudi alimrukia mtoto kwa furaha, akamrusha juu, akamwita kwa jina lako. Nilimwona uso ukibadilika angali amemshika mikononi. Akamshusha chini taratibu. Nadhani kanisani walishamwambia nilichofanya. Tangu siku ile, kila alasiri anakaa sebuleni peke yake na kumwombea binti yetu kwa jina lako, anamwombea apone, na wakati huohuo naona kichwa cha mtoto kikipita dirishani akicheza. Juzi Mama Cherehani alimsikia. Akaniuliza mgonjwa huyo ni nani. Akavua viatu, akaingia, akakaa karibu na Mchungaji, na jana alikuja na wenzake wote.

Dada, lazima mwanangu awe mahali fulani. Nimefikiri mpaka kichwa kinauma, na naona kwamba mtoto aliyenyang'anywa mahali pake hapa atakwenda pale jina lake bado linapoitikiwa, yaani kwako. Kwa hiyo nakuomba kama nisivyowahi kukuomba kitu. Shemeji akikuita, usiitike haraka. Subiri kidogo. Ukisikia mtoto anaitika kabla yako, jikoni au ukumbini, usipige kelele na usimwite mtu wa kumfukuza. Ni mwanao huyo. Mwambie sikumtupa. Mwambie watu wengi wanamwombea na hawataacha.

Nisalimie shemeji na majirani wote wanaonikumbuka. Mchungaji anakusalimu sana, ingawa siku hizi si mtu wa maneno. Na huyu tuliye naye humu ndani amenikuta naandika, nikamwambia namwandikia mama yake mkubwa, naye amesema nikusalimu pia. Ni mtoto mwenye adabu. Aliniuliza tu una watoto wangapi.

Ni mimi mdogo wako,
mama wa wajina wako.