Nilisimama Ukumbini Kuomba Usiku wa Mume Wangu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijaharibu kitu ambacho hata hakijapoa. Mimi ni bibi harusi, bado naona raha kulisema neno hilo, nikiulizwa dukani habari za mume wangu najikuta nimecheka kabla ya kujibu, na mume niliyempata ni mtu ambaye ukimwona anavyokunja mikono ya shati unaweza kusahau ulichotumwa. Anaoka mikate kiwandani, zamu ya usiku. Mimi nashona mapazia kwenye duka la mjini, mchana. Umeshaona tatizo linapoanzia.

Tunaishi chumba kimoja chenye roshani, nilikipenda siku ya kwanza tulipokwenda kukitazama, nikasimama pale nje nikasema hapa tutakuwa tunakaa jioni tukiangalia watu wakipita, naye akasema basi tumekichukua. Jioni nakaa peke yangu. Ninaporudi kutoka kazini yeye anavaa viatu, asubuhi anapoingia mimi natoka, tunapishana mlangoni kama watu wa ofisi moja, ananibusu, unga unabaki shavuni hadi dukani, na siufuti. Kitanda chetu hakipoi, mshauri. Nikiondoka analala kwenye joto langu, akiondoka nalala kwenye joto lake, lakini sisi wenyewe hatukutani humo isipokuwa Jumapili, siku yake ya kupumzika. Nilimshonea pazia zito jeusi ili jua lisimsumbue mchana, na sasa pazia hilohilo nikilala peke yangu najihisi nimefungiwa ndani ya sanduku.

Kilichokuwa kinanituliza ni mkate. Kila asubuhi huniletea mmoja ukiwa wa moto, na kabla haujaingia tanurini huuchora juu kwa wembe alama yangu, mistari miwili inayokatana, kwa kuwa mikate ya wateja ina mstari mmoja tu. Ile sehemu yenye alama huwa naila mwisho.

Sasa halmashauri imeleta pendekezo ambalo nadhani umelisikia, wajaribu kumpa kila mtu mzima katika kata chache posho ya kila mwezi, mwenye kazi na asiye na kazi, bila kumuuliza ataifanyia nini, waone maisha yatabadilikaje, na kata yetu ni mojawapo ya zinazofikiriwa, kwa hiyo wakaitisha mkutano kusikia maoni ya wakazi kabla madiwani hawajapiga kura. Ulikuwa mchana, nikaomba ruhusa dukani nikaenda peke yangu, mume wangu alikuwa amelala. Akasimama fundi viatu mmoja akasema watu wakipewa fedha ya bure watalala tu, watu wakapiga makofi, na mimi, sijui nini kilichoninyanyua, nikajikuta nimeshika kipaza sauti nasema hicho ndicho ninachokitaka hasa, nataka mume wangu alale, kwa posho hiyo nitaununua usiku wake, awe analala nyumbani kama waume wengine.

Fundi viatu hata hakusimama. “Kwani sasa hivi analala wapi, mama?”

Ukumbi mzima ulicheka. Na mimi nilicheka, mshauri, nilidhani wamefurahi.

Kesho yake kiwandani walikuwa wameshampa jina, Bwana Posho, wanamuuliza kama diwani ndiye atakayemtunzia mke. Na kilichoniumiza zaidi nilikisikia kwa wifi yangu, dada yake, aliyekuja kunisema. “Unajua kwa nini anafanya usiku? Usiku unalipa zaidi. Aliomba zamu hiyo wiki ileile ulipokipenda chumba cha roshani. Halafu wewe unakwenda kumvua kaka yangu shati mbele ya kata nzima.” Mimi muda wote huu nilidhani alipangiwa tu.

Mume wangu hakunigombeza. Angenigombeza ningefurahi. Ameomba zamu ya Jumapili pia, na mkate sasa unakuja na mstari mmoja, kama wa wateja.

Wifi anataka niende mkutano wa pili nikayafute maneno yangu mbele ya madiwani. Nikiyafuta nitakuwa nimesema uongo, maana bado nautaka usiku wake. Nisipoyafuta naogopa atabaki hivi hivi. Nifanye nini? Jioni zimekuwa ndefu mno kwenye roshani hii.

Bibi Harusi wa Roshani

MSHAURI ANAJIBU

Bibi Harusi, pole. Upweke wa mtu ambaye viatu vya mwenzake viko mlangoni ni mgumu kuueleza, kwa kuwa kila anayekuona anaona una mume. Nimekuelewa. Sasa tulia nikuseme.

Ulichosema ukumbini ni kweli, na fundi viatu alistahili kuambiwa. Lakini ulimwambia yeye kabla ya mumeo. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta mahali ulipomwambia mumeo kwamba una upweke, sijapaona. Umemshonea pazia, umetunza unga shavuni, umewaambia madiwani, umeniambia mimi. Yeye amelisikia kwa wanaokanda unga pamoja naye, tena likiwa limeshageuzwa kichekesho.

Naye simwachi. Mtu hauzi usiku wake wote ili alipie roshani bila kumuuliza atakayekaa pale. Mnapendana kimyakimya mno, kila mmoja anamfanyia mwenzake jambo ambalo mwenzake hakuliomba.

Hiyo posho mimi naiunga mkono, kama unataka kujua. Mtu mwenye kitu cha kuanzia mwezi anaweza kumkatalia bosi wake. Lakini bado ni pendekezo. Madiwani wanaweza kulikataa, wanaweza kuchagua kata nyingine, au jaribio likaisha mkiwa ndiyo kwanza mmezoea. Ukiwangoja wao wakurudishie mume, utazeekea kwenye kiti hicho.

Usiende kufuta kitu. Ukumbi haukukasirika, ulicheka ukaenda zake. Wifi yako mshukuru, maana ndiye pekee aliyekueleza ukweli, kisha umwambie hapana.

Muombe mwenye duka ruhusa ya asubuhi moja. Nenda getini kiwandani zamu ya usiku inapotoka, wenzake wakuone, wakitania waache watanie. Rudini kwa miguu, kwa njia ndefu. Mwambie una upweke, na kwamba hukujua roshani ndiyo iliyomchukua. Halafu funga mdomo. Hapo ndipo penye kazi kwako, nimekuona kwenye barua. Muulize yeye angeifanyia nini posho, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Huenda atataka kurudi zamu ya mchana na mhamie chumba cha bei ndogo, na ikiwa hivyo usiiage roshani kwa machozi. Huenda anaupenda usiku na anachotaka ni Jumapili yake tu. Lolote mtakalopanga, lipangeni kana kwamba posho haipo. Ikija, iwakute mmeshaelewana. Mkutano wa pili nendeni wawili, na akiulizwa mtu habari za usiku wake, ajibu mwenyewe.

Halafu huo mkate. Umeandika kwa uchungu kwamba una mstari mmoja. Mume aliyenuna hivyo angeweza kupita mlangoni mikono mitupu, lakini yeye bado anaubeba njia nzima ili ukufikie wa moto. Asubuhi hiyo usiungoje nyumbani. Upokee pale getini, uumege, mpe kipande chake, mle mkitembea.